Injini Iliyochomelewa

Mara ya kwanza alipojikata bila kujua, aliona damu kwenye jani la mche kabla hajahisi chochote kidoleni. Alidhani ni rangi. Aliifuta, ikaongezeka, ndipo alipogeuza mkono na kukuta ncha ya kidole cha shahada imepasuka kama ganda la limau. Haikumuuma. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mapajani, akikiminya kidole kile kwa nguvu huku akisubiri maumivu yaje. Yalipokataa kuja, hasira zikampanda, akakirusha kisu mpaka kwenye rundo la mifuko ya udongo.

Wateja wa kitalu cha miche anakofanyia kazi humwita Shangazi. Mtaani anaitwa Wembe, kwanza kwa sababu ya kazi yake, pili kwa sababu ya ulimi wake, na mwenyewe hakatai sababu yoyote kati ya hizo mbili. Kazi yake ni kubebesha miche: huchukua kijicho, yaani tumba la chipukizi, cha mti unaozaa vizuri na kukihamishia kwenye shina changa la mti mwingine wenye mizizi migumu, ili viwe mti mmoja. Parachichi hubebeshwa kwa kupasua shina na kuchomeka kijiti, na hiyo ni kazi ambayo hata mtu mwenye mikono mizito anaweza kujifunza. Machungwa ni habari nyingine. Shina la mlimau huchanjwa gamba tu, bila kuujeruhi mti wa ndani. Gamba hufunuliwa kama mfuko wa shati, na kijicho kidogo mfano wa punje ya mahindi hutelezeshwa humo. Kuona hakusaidii sana hapo. Kinachojua kwamba kisu kimefika mwisho wa gamba na hakijaanza kuingia kwenye mti ni ncha ya kidole.

Alifundishwa na baba yake, aliyekianzisha kitalu kile kwenye kiwanja kilichokuwa jaa la vifusi. Baba alikuwa na neno moja alilowapigia kelele wanawe kutwa nzima: kaza. Kijicho kikifungwa kilegevu, hewa huingia, kinakauka. "Kaza! Kikicheza kimekufa hicho!" Watoto wakakulia humo. Walikaza mikanda ya plastiki kwenye miche, wakakaza nguzo za kivuli, wakakaza bomba la tangi mpaka likapasuka. Kaka yake Wembe, mtoto wa kwanza, alipokuwa fundi wa kuchomelea na kufungua karakana ng'ambo ya barabara, alilihamishia somo lile kwenye chuma. Mtaa ukampa jina la Fundi Kaza. Geti alilolitengeneza yeye halipigi kelele hata siku ya upepo, ila kulifungua kunataka bega.

Mali kubwa ya kitalu ni trekta dogo la bustani, kuukuu, ambalo rangi yake imebaki kwenye kifuniko cha injini peke yake. Lina silinda moja na kiti cha chuma kilichofunikwa kwa gunia. Hukata nyasi kati ya vitalu, huvuta tela la samadi na mchanga, huteremsha miche hadi getini magari yanapokuja kupakia. Baba alipoanza kuishiwa nguvu za magoti, usukani ukawa wa Wembe.

Ilifika siku injini ikaanza kuruka. Chini ya miguu yake minne palikuwa na raba nene, na raba hizo zilikuwa zimeoza, zinamumunyuka kama mkate uliolowa. Boliti zilikuwa zikilegea kila wiki. Baba alimwita mwanawe. Fundi Kaza alizing'oa raba, akazitupa, akaweka vipande vya bati nene mahali pake, akafunga boliti mpya, kisha, kwa kuwa ni yeye, akaizungushia miguu yote ya injini mshono wa kuchomelea kama anayepiga pindo la nguo. Walipoiwasha haikuruka. Ilikaa juu ya fremu kama imeota pale. Baba alipiga makofi, akamshika mwanawe bega, akasema, "Umeikaza, mwanangu." Haikupita miezi mingi, baba akaugua, akafariki, na maneno yale yakabaki nyumbani kama sehemu ya urithi.

Wembe ndiye aliyepanda kitini siku ile ya kuchomelewa. Aliliendesha mpaka mwisho wa vitalu na kurudi, akashuka akikunjua vidole.

"Usukani unauma," alisema.

Walicheka, na baba akiwamo.

Kilichotokea si fumbo. Injini ya silinda moja lazima itikisike. Pistoni inapanda na kushuka peke yake, haina mwenzake wa kuituliza. Raba zile zilikuwepo ili injini itikisike yenyewe huko iliko, mtikisiko usipite. Zilipoondolewa na chuma kuungwa na chuma, mtikisiko uliingia kwenye fremu, ukapanda kitini, ukapanda kwenye fimbo ya usukani, ukaishia mikononi mwa anayeendesha. Injini ikaonekana imetulia kwa sababu trekta zima lilikuwa limekuwa injini.

Lakini hakuna aliyeisogelea injini kwa lawama. Injini ilikuwa na baraka za baba. Lawama zikatafutiwa pengine. Walinoa visu vya kukatia nyasi na kuvisawazisha juu ya msumari ili upande mmoja usizidi mwingine. Walibadilisha mkanda. Walisafisha kabureta. Walibadilisha matairi ya mbele. Usukani uliendelea kuuma, na vilipokwisha vyuma vya kulaumu, akabaki dereva.

"Unaushika kama unamkaba mtu," Fundi Kaza alimwambia. "Ushike kilaini."

"Nikiushika kilaini unanitoroka."

"Basi ni umri, mdogo wangu. Trekta halina neno. Wewe ndiye unayetetemeka."

Aliambiwa hivyo kwa miaka, na mbaya zaidi ni kwamba aliamini. Alivaa glavu. Alifunga matambara kwenye usukani. Asubuhi za baridi, akishika mpira wa maji, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vikigeuka vyeupe kama mshumaa, na alivificha kwapani mpaka rangi irudi, asije akaambiwa tena kuhusu umri.

Wiki chache baada ya siku ya damu, mwalimu mstaafu mmoja, mteja wa siku nyingi, alishuka kwenye gari lake na trei ya michungwa. Vijicho vyote vilikuwa vimekauka, vyeusi, vimesinyaa ndani ya mikanda.

"Shangazi, sijaja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza tu kama hii ni kazi ya mkono wako au umemwachia mtu."

Wembe alifungua mkanda wa mche mmoja. Chini ya gamba, kisu kilikuwa kimezama ndani kabisa ya mti. Akafungua wa pili. Vilevile. Lilikuwa kosa la mtu wa wiki ya kwanza, na mkato ulikuwa wake. Angesema amemwachia mtu, na mwalimu angefurahi kuamini.

"Ni mkono wangu," alisema.

Alikwenda zahanati siku iyo hiyo. Daktari, binti mwenye miwani na haraka nyingi, alimfumba macho akamgusa vidole kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Kila alipoulizwa, Wembe alijibu bado hajaguswa. Alipofumbua macho alikuta vitone vya damu.

"Unashika kitu gani kinachotetemeka?" daktari aliuliza.

"Usukani wa trekta."

"Uache. Ukiacha sasa, huenda hisia zikarudi, huenda zikarudi nusu. Ukiendelea, sahau."

Wembe alitoka zahanati akaenda moja kwa moja karakana ya kaka yake. Fundi Kaza alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha la chuma. Alimsikiliza bila kuvua kinyago cha kuchomelea, jambo ambalo Wembe hajamsamehe hadi leo.

"Daktari ameliona trekta?"

"Ameviona vidole."

"Ahaa. Hajaliona trekta."

"Kaka, injini ile inanila."

"Injini ile haitikisiki! Nenda kaitazame, iweke mkono. Iko kama kaburi." Kisha, baada ya kusikia alichokisema, akaongeza kwa sauti ya chini, "Marehemu aliipitisha mwenyewe."

Aliyelimaliza swali la injini hakuja kwa ajili hiyo. Fundi wa jenereta wa mtaa wa pili alikuja kuchukua miche ya ndimu, akamkuta Wembe amesimama kando ya trekta linalonguruma, mikono amekunja kifuani, analitazama kama adui. Akaweka kiganja juu ya injini, kisha juu ya fremu, kisha juu ya usukani. Akautoa haraka.

"Lo! Shangazi, hapa panawasha. Raba zake ziko wapi?"

"Zilitolewa."

"Na nani, adui yako?"

"Kaka yangu."

Fundi wa jenereta aliinama akaona mshono wa kuchomelea, akashusha sauti kwa heshima ya undugu. "Jenereta ukilifunga hivi kwenye sakafu, utasikia vikombe vya jirani vinagongana kabatini," alisema. "Injini iache icheze. Ichezee hukohuko juu ya raba zake, wewe ukae kwa amani. Zina kazi zile."

Icheze. Neno hilo nyumbani kwao lilikuwa tusi.

Jioni alilisema mezani, kaka yake akiwepo: mishono ikatwe, injini irudishiwe raba. Mama yao, ambaye bado anaishi nyumba ya nyuma ya kitalu na husikia anachotaka kusikia, aliweka kijiko chini.

"Muikate kazi ya kaka yako? Ambayo baba yenu aliipigia makofi?"

"Mama, baba alipiga makofi akiwa amesimama. Hakukaa kitini hata dakika moja."

"Msinigombanie juu ya mume wangu."

"Sigombani juu ya baba. Nagombana juu ya vidole vyangu. Nitazame!" Akaisogeza mikono mezani, akachukua uma, akajichoma ncha ya kidole mbele ya mama yake, bila kukunja uso. Mama alipiga ukelele. Fundi Kaza alimnyang'anya uma.

"Una wazimu?"

"Panda wewe," Wembe alisema. "Kesho. Uvute udongo wa mifuko mipya, tangu asubuhi. Si kuzunguka uani ukajisifu. Ufanye kazi yangu. Jioni ukiniambia trekta halina neno, nitafunga mdomo."

"Nitakuimbia na nyimbo juu yake."

Asubuhi alifika na kofia ya jua na maneno mengi. Tela la kwanza alipita akipunga mkono. La pili vilevile. Kadiri jua lilivyopanda, kupunga kukakoma. Wembe alikuwa akijaza mifuko, hamsemeshi, ila kila trekta lilipopita aliinua kichwa akamtazama mikono, si uso. Kabla ya adhuhuri Fundi Kaza alizima injini katikati ya njia na kusema amekumbuka kazi ya watu, dirisha linasubiriwa, hawezi kuwaangusha wateja.

Wembe alimfuata mpaka ng'ambo ya barabara. Alisimama mlangoni pa karakana. Kaka yake alivaa kinyago, akashika kijiti cha kuchomelea, akakigusisha kwenye chuma. Cheche ziliruka, zikakatika. Akagusisha tena, kijiti kikaganda kwenye chuma, akakipindua kukitoa. Mara ya tatu mshono ulianza, ukaenda kombo, ukaacha matone kama makamasi ya mtoto. Mtu huyu huchomelea kama anayeandika jina lake. Aliinua kinyago akautazama mshono, kisha akauficha mkono wa kulia nyuma ya paja.

"Ulete huo mkono," Wembe alisema.

"Nimechoka tu. Sijazoea."

Hapo ndipo Wembe alipolipuka. Barabara nzima ilisikia. Muuza vocha wa pembeni alitoka kibandani kwake, akarudi ndani.

"Umechoka! Wewe nusu siku umechoka, mimi miaka yote hii nimeshika vibaya! Wewe hujazoea, mimi nimezeeka! Mkono wako ukitetemeka ni trekta, wangu ukitetemeka ni mimi! Nilikwambia siku ile ile, kabla injini haijapoa. Nilikwambia usukani unauma, ukacheka. Ukacheka, Kaka! Nimeua michungwa ya watu kwa mkono huu. Mwalimu ameniletea trei nzima ya maiti. Chukua mashine yako ya kukatia chuma twende, ama nikate mwenyewe, nami nikikata sitaishia kwenye injini."

Fundi Kaza hakusema nimekosea. Alisema, "Mkanda utaruka injini ikicheza." Alisema, "Raba zenyewe hazipatikani siku hizi." Lakini huku akisema alikuwa amekwisha kuikunja waya ya mashine ya kukatia.

Alikata mishono yote minne alasiri ile. Wembe alikaa juu ya ndoo karibu kiasi cha kuchomwa na cheche, akakataa kusogea. Raba za kwanza Fundi Kaza alizikata kutoka tairi la gari lililotupwa, na hazikufaa. Tairi lile lina nyuzi za chuma ndani, lilikuwa gumu karibu sawa na bati. "Si nilisema?" alianza, akaona uso wa dada yake, akalimeza lililobaki. Fundi wa jenereta alileta raba za mviringo kutoka injini mbovu yenye uzito unaokaribiana. Walizifunga kwa boliti zenye nati za kujifunga zenyewe, zisilegee, lakini hawakuzibana mpaka raba ikavimba pembeni. Hapo kazi ilisimama mara kadhaa kwa sababu mkono wa Fundi Kaza uliendelea kuizungusha spana hata baada ya kuambiwa basi.

Walipowasha, usukani ulipungua ukali lakini bado ulinong'ona vidoleni. Iliwachukua muda kugundua bomba la moshi. Fundi Kaza alikuwa amelichomelea nalo kwenye fremu siku zile zile, na mtikisiko ulikuwa umepata njia ya kupita huko. Alikata na hapo, akaliacha bomba lining'inie kwenye kipande cha raba.

Safari hii injini iliruka waziwazi. Ilikuwa ikitikisa kichwa upande hadi upande kama mtu anayekataa chakula, na mama yao aliyekuwa dirishani alisema jamani limeharibika. Wembe alipanda kitini. Akashika usukani kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda mrefu, injini ikirukaruka mbele yake, usukani umetulia viganjani. Wote walitarajia atatabasamu. Aliporomosha machozi ya hasira, akazima.

"Kumbe ilikuwa kazi ya alasiri moja," alisema.

Vidole vya mkono wa kushoto vilirudi taratibu, kwanza vikiwasha, kisha vikiuma, na aliyapokea maumivu hayo kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mali iliyoibwa. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinajua tena moto na baridi. Mkono wa kulia, kidole gumba kimerudi. Cha shahada na cha kati havijarudi. Daktari alijaribu tena kwa sindano, akaandika, akasema tusubiri, kwa sauti ya mtu asiyesubiri.

Kwa hiyo kitalu kile hakina tena michungwa ya kubebesha. Wembe alijaribu kufunza mkono wa kushoto na kila kijicho kikafa. Anabebesha parachichi, kazi ya mkono mzito, na anaifanya vizuri, na haifurahii. Trekta linaendeshwa na Fundi Kaza, asubuhi kabla hajafungua karakana. Hakuombwa, alikuja tu akakaa kitini, na Wembe hakumshukuru.

Watu bado wanakuja kuulizia michungwa. Wembe hawajibu. Bila kuacha kujaza mifuko, huelekeza kidevu ng'ambo ya barabara.

"Kamuulizeni yule."

"Yule anauza miche?"

"Muulizeni kwa nini hakuna."

Nao huvuka. Mwanzoni Fundi Kaza aliwaambia msimu umekwisha. Baadaye aliwaambia dada yake haumwi sana, atapona tu. Wateja walirudi na majibu hayo, na Wembe, ambaye aliyasikia yote kupitia barabara nyembamba, aliwarudisha tena kuuliza upya, mpaka wakaona ni familia ya vichaa.

Wiki iliyopita alikuja yule mwalimu mstaafu. Naye alielekezwa kwa kidevu, naye akavuka. Fundi Kaza alikuwa na kazi mkononi. Akaiweka chini, akavua kinyago, akakishika kifuani.

"Hakuna, Mwalimu," alisema. "Niliichomelea injini mahali ilipotakiwa kuwa na raba. Dada akaniambia inamuumiza. Sikumsikia. Vidole vimekufa."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Upande wa pili wa barabara Wembe alikuwa amesimama na mfuko wa udongo mikononi, mdomo wake wazi. Alisubiri kuona kama kaka yake ataongeza neno, labda la umri, labda la kushika vibaya. Hakuongeza. Wembe akauweka mfuko chini, akachukua mwingine, akaendelea kujaza, na uso wake haukulainika hata kidogo. Lakini mteja aliyefuata, aliyetaka michungwa kumi na miwili ya uani, hakumvusha barabara. Alimjibu mwenyewe.